Mawimbi Yamelala Khartum

Njia ya mwongo ni fupi, husema wazee. Wazee hao hawakupata kukutana na Leodegar. Njia yake ilianzia Bukoba, ikavuka ziwa hadi Mwanza, ikashuka na reli hadi Tabora, ikapumzika Dodoma kwa sababu za kiafya (askari mmoja wa huko alikuwa na mkono mzito), ikapita Morogoro bila kuteremka, na mwaka ule ambao uwanja mpya wa ndege ulikuwa bado unanukia rangi, ikafika Kipawa, nje kidogo ya Dar es Salaam. Wala haikuonyesha dalili yoyote ya kuchoka.

Alikuwa mwanamume mrefu, mwenye suruali ya pasi kali, kofia ya pama, na sauti ambayo ungeweza kuipaka kwenye mkate. Katika mfuko wa shati alichomeka bisibisi. Hakuwahi kufungua nayo kitu chochote. Kazi ya bisibisi ile ilikuwa kuonekana, kama meno ya dhahabu.

Alikuwa anapita mbele ya duka la Bwana Remtulla, akiwa na njaa na bila mpango, alipomwona mwanamke mmoja ameinama mbele ya kaunta akitengeneza ushungi wake. Alikuwa anajitazama kwenye kioo cha sanduku kubwa la mbao lililowekwa kati ya gunia la sukari na debe la biskuti. Juu ya sanduku palitandikwa kitambaa cha kufuma, kama kinachotandikwa juu ya kitu kinachoheshimiwa lakini hakina kazi.

Leodegar akasimama. Njaa ikamwisha palepale.

"Shikamoo, mzee. Hicho nini?" akauliza, ingawa alijua vizuri sana.

"Marahaba. Televisheni," akajibu Bwana Remtulla, kwa sauti ya mtu aliyezaa mtoto mzuri asiyesema. "Mdogo wangu Shamsuddin kaileta kutoka London. Kule ukiiwasha wanatokea watu, wanaimba, wanacheza mpira. Hapa nikiwasha natokewa na mchele."

"Mchele?"

Bwana Remtulla akaenda nyuma, akaiwasha jenereta iliyopoza soda zake, akarudi, akazungusha kitufe. Kioo kikajaa chenga nyeupe zilizorukaruka, na sauti kama ya mafuta yanayochemka.

Mtu mwaminifu angesema hivi: Mzee, katika Tanganyika nzima hakuna kituo hata kimoja kinachorusha picha, si Dar es Salaam, si Tanga, si popote, na sanduku hili litakaa hapa mpaka wajukuu zako waote mvi. Mtu mwaminifu angesema hayo, angepewa maji ya kunywa, na angeendelea na safari yake tumbo likiwa tupu. Leodegar alifumba macho, akalaza sikio juu ya sanduku kama daktari.

"Mzee, nani kakwambia huu ni mchele?"

"Macho yangu."

"Hili ni vumbi. Hebu niambie: zamani misafara ilipokuwa ikitoka bara, kilichoonekana kwanza ni watu au vumbi?"

Babu yake Bwana Remtulla aliwauzia watu wa misafara vitambaa vya merikani pale Bagamoyo, na jambo hilo halikuwa na ubishi nyumbani kwao. "Vumbi," akakiri.

"Basi! Mawimbi yametoka London, yako njiani, na hili ndilo vumbi lake. Sanduku lako si gonjwa. Lina njaa. Halina antena."

Pazia la mlango wa ndani likafunguka. Akatoka Bilkis, mke wa Bwana Remtulla, mwanamke mwembamba mwenye macho ya kupimia nguo. "Na kwa nini yasifike yenyewe?" akauliza. "Barua inafika yenyewe."

"Mama, barua ina anwani. Mawimbi hayaijui Kipawa. Yakikosa pa kutua, yanapitiliza mpaka Unguja."

"Unguja!" Bwana Remtulla akashika kifua. "Kwa Valimohamed!"

"Kwa huyohuyo," akasema Leodegar, ambaye alikuwa analisikia jina hilo kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Valimohamed alikuwa binamu. Alikuwa na duka kubwa zaidi, gari jeusi zaidi, na tabia ya kuandika barua za kuuliza kama Kipawa kumeshafika sabuni. Kuanzia hapo, Leodegar hakuwa na haja ya kushawishi tena. Alikuwa na haja ya kungoja tu.

"Kazi hiyo bei gani?" akauliza Bwana Remtulla.

"Mzee, usinitukane. Pesa sichukui. Ninachotaka ni shaba. Antena ni chuma, na chuma kinakamata. Lakini shaba ndiyo inayoita. Wala si shaba ya dukani, ile bado ina ubaridi. Nataka iliyokaa nyumbani, iliyozoea watu na mazungumzo. Mawimbi ni wageni, mzee. Mgeni hutua penye joto la nyumba."

Bilkis akasema, "Mimi mgeni wa namna hiyo simjui." Lakini Bwana Remtulla alikuwa ameshaingia ndani, na mara ukasikika mlio wa mabirika aliyokuja nayo Bilkis siku ya harusi yake. Yakatoka moja baada ya jingine, yanang'aa, yanagongana, yote yakaingia katika gunia la Leodegar "yakazoeane".

Antena yenyewe ilikuwa chaga za kitanda kilichotupwa nyuma ya kambi ya wajenzi wa uwanja, zimefungwa mbavu za mwavuli, zikapakwa rangi ya fedha. Ikasimamishwa juu ya mwanzi mrefu, mwanzi ukafungwa juu ya bati, na Kipawa nzima ikaja kutazama. Leodegar akapanda juu, akaanza kuuzungusha. Chini, Bwana Remtulla alitoa taarifa.

"Sasa je?" Leodegar akapiga kelele.

"Mchele!"

"Na sasa?"

"Mchele, lakini umekuwa mnene!"

"Mnene? Alhamdulillahi! Yamekaribia!"

Leodegar alibatizwa, akapewa komunyo, akapata kipaimara. Lakini juu ya bati mtu huwa wa dini zote.

Alipoteremka akapokewa na makofi, na pia na jambo asilolitaka. Mbele ya umati alisimama Revelian, karani wa uwanja wa ndege, tai shingoni, gazeti kwapani. Leodegar alisikia lafudhi yake kabla hajamaliza salamu, akaitambua palepale: Mhaya. Mtu wa nyumbani. Na nyumbani, jina la Leodegar lilijulikana kuliko alivyopenda, kwa sababu aliwahi kuichangisha parokia moja fedha za kengele ya kanisa, kengele ambayo waumini wanaingoja mpaka leo.

"Fundi," akasema Revelian, "ulimi wako kama naujua. Kwenu wapi?"

"Mie?" Leodegar hakupepesa jicho. "Mie Mnyamwezi. Tabora pale."

"Mnyamwezi?" ikalia sauti kutoka barazani.

Sauti ile ilikuwa ya Mwamvita binti Kondo, Mzaramo wa hapohapo, aliyekaanga vitumbua kwenye baraza la duka. Mwanamke wa miraba minne, kanga mbili, na kicheko kilichotangulia mwili wake kufika. Akaacha karai likichemka, akapenya umati, akamtazama Leodegar juu mpaka chini kama mtu anayechagua nazi.

"Mtani wangu! Kaja kwa miguu yake mwenyewe!" Akamvua ile kofia ya pama, akaivaa juu ya ushungi. "Imenikaa?"

"Imekukaa!" umati ukaitikia.

Sasa, kila mtu wa pwani anajua mambo haya. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mmoja akichukua cha mwenzake hakuiba, akimtukana hakutukana, na anayekasirika ndiye anayechekwa. Leodegar naye alilijua hilo, kijuujuu, kama mtu anavyojua nyimbo za kanisa la jirani. Akacheka. Akajiambia kwamba kofia ni ushuru mdogo.

Biashara ikashamiri. Wengi hawakuwa na televisheni, lakini hilo halikumsumbua.

"Mie sina hata hilo sanduku," alisema Revelian.

"Bwana Karani, msomi kama wewe! Banda hujengwa baada ya kununua ng'ombe, au kabla?"

Revelian akatafakari kisomi, akaleta vinara viwili vya shaba alivyopewa siku ya ndoa. Baada yake wakaja wenye sinia, wenye vikuku, wenye vinu vidogo vya kutwangia iliki. Mabati ya Kipawa yakaota chaga za vitanda. Wazungu waliokuwa wanashuka na ndege walichungulia madirishani, wakadhani ni mila.

Kila asubuhi Leodegar aliketi barazani kwa Bwana Remtulla, akanywa chai asiyolipia, akatoa habari za safari.

"Mawimbi yamelala Khartum."

"Kwa nini yalale?" akauliza Bwana Remtulla.

"Mzee, wewe ungetoka London kwa miguu usingelala?"

Revelian akaja na ramani. "Kutoka Khartum yakishuka kusini, lazima yapite kwetu Bukoba kwanza," akasema, kidevu juu.

"Yatapita, Bwana Karani. Lakini hayatatua. Kwenu kuna ndizi nyingi, yatateleza."

Watu wakacheka mpaka wakashikana. Mwamvita alicheka kuliko wote, na wakati anacheka alinyoosha mkono, akachukua sigara mdomoni mwa Leodegar, akaivuta. Kesho yake alichukua taulo lake. Siku iliyofuata alichukua bisibisi, na kuanzia hapo ikapata kazi ya kweli kwa mara ya kwanza: kugeuzia vitumbua.

"Mtani, nikupe pole?" Mwamvita alimuuliza Leodegar.

"Pole ya nini, mtani? Vyangu ni vyako," akajibu, meno yote nje, akiungua ndani.

Ushuru ulikuwa unapanda. Tena macho ya Mwamvita yalikuwa yanalizoea lile gunia, na Leodegar alijua macho ya namna hiyo, maana alikuwa nayo mwenyewe. Akaamua kumwondoa. Asubuhi moja alinyanyua pua, akanusa hewa, akatikisa kichwa kwa huzuni kuu.

"Mzee Remtulla, sikutaka kusema. Lakini mawimbi yamefika Tabora yakagoma. Yanakohoa."

"Yanakohoa?"

"Moshi wa vitumbua, mzee. Unapanda, unakutana nayo juu."

Bwana Remtulla akatazama moshi. Akatazama antena. Akamfikiria Valimohamed. Kisha, bila kumwangalia usoni mwanamke aliyekaanga hapo tangu duka lilipokuwa na mlango mmoja, akasema, "Mwamvita, itabidi usogee. Kule barabarani."

"Barabarani kuna malori, Bwana Remtulla. Vumbi lote litaingia kwenye mafuta. Nani atakula vitumbua vya mchanga?"

"Ni mawimbi, Mwamvita. Si mimi."

"Mawimbi yapi? Huyu mtu mwongo! Nakwambia mchana kweupe, huyu mtu ni mwongo!"

"Moshi umekuingia kichwani, dada," akasema Revelian kwa upole wa kisomi, na wengine wakaguna kukubali. Hakuna aliyetaka kusikia neno hilo wakati sinia lake liko ndani ya gunia.

Mwamvita akabeba karai. Huko barabarani jua lilimpiga, malori ya uwanja yakampulizia mchanga, na wateja wake wa miaka wakawa wanampita kwa salamu tu. Jioni alirudi na vitumbua karibu vyote, akawapa kuku wa jirani. Kuku wakavionja, wakaviacha. Mwanamke aliyelelea watoto wake kwa karai hilo akaketi, akafikiri. Hakulia. Alikuwa anahesabu mambo mengine.

Hatimaye Leodegar akaona gunia limejaa na muda umeiva. Akatangaza kwamba mawimbi yamefika Morogoro, yamepona kikohozi, na kwamba mgeni wa heshima haachwi afike peke yake.

"Hupokewa njiani," akasema. "Nitapanda Pugu, mlimani, na shaba yenu begani. Yakiiona tu, yatanifuata mpaka hapa."

Pugu pia kuna stesheni, na treni ya bara husimama pale. Jambo hilo dogo Leodegar hakuona sababu ya kuwachosha nalo watu.

Mchana wa kuaga, mtaa mzima ulitoka. Ngoma zilipigwa. Bwana Remtulla aligawa soda za baridi, hata jumbe wa eneo, mzee wa Kizaramo asiyetoka nje kwa sababu ndogo, alikuja akapewa mbili. Leodegar akaweka gunia begani. Likalia kama kanisa siku ya Pasaka. Alikuwa amepiga hatua chache tu umati ulipopasuka, akaja Mwamvita, unga mikononi, pama kichwani, nyuma yake shoga zake wa ngoma ya lelemama, wote wamejifunga vibwebwe.

"Mtani! Unasafiri bila kuniaga?"

"Naenda hapo tu, mtani, Pugu."

"Pugu na mzigo wote huo! Ukivunjika kiuno ukafa, nani atakuzika? Si sie? Si sie ndio tunaowazika nyie tangu babu na babu?" Akalishika gunia. Akalivuta. Likatoka begani, likapita mikononi mwa wale wanawake kama ndoo za maji penye moto, likatua chini mbali kabisa, na Mwamvita akalikalia.

"Mwizi!" akapiga kelele Leodegar. "Kaninyang'anya! Mwizi!"

Ngoma zikanyamaza. Jumbe akaweka chupa yake chini taratibu.

"Umesemaje, kijana?"

"Mzee, kachukua mzigo wangu!"

"Mnyamwezi anamwita Mzaramo mwizi? Mbele yangu? Babu zenu wamekula mbuzi wetu kila walipopita hapa na pembe zao za ndovu. Nani kati yetu aliita askari?"

"Lakini mzee, huu si utani, huu ni…"

"Au wewe si Mnyamwezi?" akauliza Mwamvita. Aliuliza polepole, kwa sauti tamu, kama anayemuuliza mgonjwa kama atakunywa uji.

Wafalme wamepoteza falme zao kwa maswali mepesi kuliko hilo. Leodegar akalitazama gunia. Akamtazama Revelian, aliyekuwa ameinamisha kichwa upande, amekunja uso, kama mtu anayetafuta jina lililomponyoka kando ya ziwa. Kama si Mnyamwezi, amedanganya kabila. Kama amedanganya kabila, je, Khartum? Je, kikohozi? Na wenye masinia walikuwa wengi, na baadhi yao walifanya kazi machinjioni Vingunguti.

"Mie," akasema, jasho likimtiririka hadi kwenye pasi ya suruali, "ni Mnyamwezi. Baba Mnyamwezi. Mama Mnyamwezi. Hata paka wetu."

"Basi cheka," akasema jumbe. "Mtani kachukua."

Leodegar akacheka. Waliokuwepo wanasema hawajapata kusikia kicheko kilichotoka kwa shida kama kile. Na kwa kuwa mawimbi yalikuwa bado yanamngoja, ilimbidi aendelee na safari, mikono mitupu, huku anasindikizwa kwa vigelegele mpaka kona ya njia ya Pugu. Huko alipanda treni. Wengine wanasema alionekana Kigoma akiuza kivuli.

Kipawa ikasubiri. Jua likaanza kulainika. Bwana Remtulla akawasha jenereta, akazungusha kitufe, na watu wote wakainama.

Mchele.

Watu wakaelewa kitu kimoja kwa pamoja, kwa aibu, na kila mmoja akamngoja mwenzake aseme. Aliyesema ni Bilkis. "Ule si msafara," akasema. "Ule ni mchele, na hata kupikika haupikiki." Kisha wote wakageuka kumtazama Mwamvita, aliyekuwa bado amekalia gunia, anajipepea na pama.

"Vyombo vyetu," akasema Bwana Remtulla.

"Vyombo gani? Nyie mliwapa mawimbi. Mie nimechukua kwa mtani wangu. Mali ya utani hukombolewa, jumbe huyo hapo, muulizeni."

Jumbe akatikisa kichwa kukubali. Hakutaka kuingia zaidi. Soda ilikuwa nzuri.

"Tukomboe kwa nini?"

"Baraza langu. Karai langu lirudi lilipokuwa, na asinifukuze mtu tena, akohoe nani, asikohoe nani."

"Ngoja!" Revelian akapiga paji lake la uso. "Nimekumbuka! Yule ni Leodegar! Leodegar wa kengele! Yule si Mnyamwezi hata kidogo! Dada, yule hakuwa mtani wako!"

"Nilijua tangu kofia."

"Ulijuaje?"

"Nilimvua kofia, akacheka. Nikamvutia sigara yake, akacheka. Nikamchukulia bisibisi, akacheka. Mnyamwezi wa kweli angeondoka na karai langu siku ileile, mafuta yakiwa ya moto! Anayechukuliwa tu asichukue si mtani, Bwana Karani. Ni mteja."

"Basi uliiba!" akasema Revelian, amefurahi kupata sheria ya kushika.

"Niliiba, ndiyo. Nilimwibia mwizi, vitu vyenu, mbele ya macho yenu, mkipiga makofi. Nilipowaambia ukweli mlisema moshi umeniingia kichwani."

Bilkis hakungoja mumewe. Aliteremka ngazi, akaenda mpaka barabarani, akalinyanyua karai la Mwamvita kwa mikono yake yenye bangili, akalipandisha barazani, akaliweka kivulini. "Turubai pia atawekewa," akasema, na alivyosema haikuwa ombi. Bwana Remtulla akamgeukia Mwamvita.

"Sawa. Baraza lako. Mkubwa mimi, nimekosea mimi. Lakini umeyakalia mabirika ya harusi ya mke wangu mchana kutwa, umetuaibisha mbele ya jumbe, habari itafika mpaka Unguja. Sema samahani, Mwamvita. Moja tu. Watu wasikie."

Mwamvita akanyanyuka. Akapangusa kanga nyuma, akapanda barazani, akaketi mahali pake, akachukua kuni, akaanza kupuliza moto. Moshi ukapanda moja kwa moja mpaka kwenye chaga za kitanda.

"Sisemi," akajibu. "Si kwako, si kwa karani, si kwa jumbe akimaliza soda yake. Sina samahani ya kumpa mtu, na ningekuwa nayo nisingeitoa. Sasa anunuaye anunue, asiyenunua anipishe."